"Undoubtedly", "surely", "indubitably": vielezi vya Kiingereza vya kuapia uhakika, na jinsi vinavyotuponza

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kusahihisha Kiingereza cha watu: barua za kuomba kazi, maandiko ya miradi, mara nyingine tasnifu za wanachuo zikiwa zinangojewa kwa msimamizi. Kuna kundi la maneno ambalo karibu kila karatasi linalo, na nusu ya karatasi hizo limekaa pasipo pake. Ni vile vielezi vya kuonyesha kwamba mwandishi ana uhakika, na kiongozi wa msafara ni "undoubtedly". Kamusi ya mfukoni inasema "bila shaka". Mtu anafunga kamusi, anaandika "I am undoubtedly the best candidate for this position", anatuma, anasubiri simu. Simu haiji.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja. Tumefundishwa kama vile maneno haya ni daraja za uhakika tu, hili kubwa, hili dogo. Sivyo. Kila moja lina kazi yake. Kuna linaloapa, kuna linaloomba kuungwa mkono, kuna linalokubali hoja ya mwenzio ili liibomoe, na kuna linalokisia huku limevaa suti. Na Mwingereza anayeandika vizuri, akiwa na uhakika kweli kweli, mara nyingi haweki hata moja.

Pimeni wenyewe:

"The bus has left."
"The bus has undoubtedly left."

Sentensi ya kwanza ni ya mtu aliyeliona basi likitoka stendi. Ya pili ni ya mtu ambaye hakuliona. Ameangalia saa, akakumbuka basi huondoka saa kumi na mbili kamili, akapiga hesabu. Kuongeza neno la uhakika kumepunguza uhakika! Mwanaisimu Halliday alishalisema jambo hili: kwamba tunatamka kuwa tuna uhakika pale ambapo hatuna. Ukiwa nao, unasema jambo lenyewe na kunyamaza.

Tulichambue neno. Katikati ya "undoubtedly" kuna "doubt", shaka, lililoingia Kiingereza kupitia Kifaransa kutoka Kilatini "dubitare". Lina undugu na neno la Kilatini la mbili, "duo", yaani mwenye shaka ni mtu aliyesimama njia panda. Ile "b" isiyotamkwa haikuwapo zamani. Kiingereza cha kati kiliandika "doute" bila taabu, kisha wasomi waliotaka kuonyesha kwamba wanajua Kilatini wakaichomeka. Shakespeare aliwacheka watu hao jukwaani: ana mhusika mmoja, mwalimu wa kijiji, anayelalamika kwamba watu wanaliita neno hilo bila kutamka "b" yake. Sisi tunaoumia na tahajia ya Kiingereza tunalipa deni la maringo ya watu hao mpaka leo.

Sasa kazi za "undoubtedly" nilizokutana nazo zaidi:

Ya kwanza ndiyo ya kamusi, kuthibitisha: "She is undoubtedly one of the finest runners of her generation." Hapa linasimama kwa sababu mtu mwingine anaweza kuhakiki. Medali zipo, muda wa mbio upo.

Ya pili ndiyo Waingereza wanayoipenda na sisi hatufundishwi: kukubali ili upinge. "The road has undoubtedly helped the villages, but..." Msomaji wa Kiingereza akiona "undoubtedly" mwanzoni mwa aya, jicho linaanza kutafuta "but". Kwa Kiswahili tunasema "Ni kweli barabara imesaidia, lakini..." Hatusemi "bila shaka barabara imesaidia" tukiwa na nia hiyo, au tukisema tunaivuta sauti kwa kejeli. Kwa hiyo ukimaliza aya nzima ya kujisifu kwa "undoubtedly" bila "but" yoyote, msomaji anabaki anangoja.

Ya tatu ni kukisia, na hapa linapokezana na "no doubt" na "doubtless". Hayo mawili yameshachoka. "You are no doubt tired after the journey" maana yake ni nadhani umechoka, karibu ukae. Kwa herufi yanasema hakuna shaka, kwa matumizi yanasema "yaelekea".

Karibuni tuchangie. Nikirudi nitagusa "surely", maana ndiko wengi tunakoangukia.

#2

Nimekaa mkao wa kula. Mkuu, usisahau "indubitably". Kuna mzee mmoja kwenye vikao vya ukoo wetu akisimama kuongea lazima alitoe, na hajawahi kueleza maana yake.

#3 (Mleta uzi)

Mzee huyo mwacheni, anajua anachokifanya 😄

"Indubitably" ina mzizi uleule wa Kilatini, ila yenyewe "b" inatamkwa, na mkazo unaangukia silabi ya pili: in-DYU-bi-ta-bli. Tofauti yake na "undoubtedly" iko kwenye kiambishi, na Kiswahili kinaieleza vizuri kwa kauli ya kutendeka. "Undoubted" ni jambo ambalo halitiliwi shaka: hakuna anayebisha, kwa sasa. "Indubitable" ni jambo ambalo halitiliki shaka: hata ukitaka kubisha, huwezi. La kwanza linaeleza hali ya watu, la pili linaeleza hali ya jambo lenyewe.

Ndiyo maana kwao lake la asili ni falsafa. Descartes, katika tafakuri zake za mwaka 1641, alianza kukitilia shaka kila alichowahi kukiamini: macho yake, mwili wake, hata hesabu, kwa kuwaza kwamba huenda kuna jini mwerevu anayemdanganya. Akatafuta kitu kimoja kisichotilika shaka. Akakipata kwenye shaka yenyewe: nikiwa nina shaka, basi kuna "mimi" anayeshuku. Hapo neno "indubitable" linafanya kazi yake halali.

Nje ya hapo, kwa Kiingereza cha leo, "indubitably" limekuwa neno la mzaha. Mtu akiulizwa "Shall we have another cup?" akajibu "Indubitably!", anaigiza bwana mkubwa wa zamani mwenye fimbo na kofia ndefu, na wote wanajua anaigiza. Ukiliweka kwenye barua ya kazi, unaigiza bila kujua kwamba uko jukwaani. Kwenye kikao cha ukoo ni sawa kabisa, kule mbwembwe ni sehemu ya shughuli.

#4

Mimi ni wakili, naomba nichomekee kidogo upande wa mahakama, kwa sababu huko shaka ni mtaji wetu.

Sheria yetu ya Ushahidi hapa Tanzania, ya mwaka 1967, inataka kesi ya jinai ithibitishwe "beyond reasonable doubt", na kesi ya madai iamuliwe kwa mizani ya uwezekano, upande ulio mzito zaidi unashinda. Tumeurithi msingi huo kwa Waingereza. Kwao jiwe la pembeni ni kesi ya Woolmington ya mwaka 1935, ambapo mahakama yao ya juu ilisema kazi ya kuthibitisha kosa ni ya upande wa mashtaka, mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia.

Sasa angalieni Kiswahili chetu cha magazeti: "Mahakama imeridhika pasipo kuacha shaka lolote." Lolote! Kiingereza hakisemi hivyo. Kinasema shaka lenye mashiko, shaka la mtu mwenye akili timamu anayetazama ushahidi. Jaji Denning alilifafanua mwaka 1947 katika kesi ya Miller, kwamba kiwango hicho hakimaanishi kutobaki hata kivuli cha shaka, kwani sheria ingeshindwa kuilinda jamii kama ingekubali uwezekano wa kufikirika tu upotoshe haki. Yaani sheria haijawahi kudai "indubitably". Ingedai, magereza yangekuwa matupu na wenye maduka wangelala na mapanga.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, kwa hiyo hili si suala la ubishi wa mitandaoni tu. Ukimwandikia hakimu "shaka lolote" umejiwekea mzigo ambao sheria haijakutwisha.

Na nyongeza kwa vijana wa sheria: kwenye hoja za maandishi, kila unapoona wakili kaandika "clearly" au "obviously", soma sentensi hiyo mara mbili. Mara nyingi ndipo ushahidi wake ulipotoboka. Angekuwa na kielelezo angetaja kielelezo na ukurasa.

#5

Wakili umenena. Ngoja nilete mfano ambao dunia nzima uliigharimu.

Tarehe 26 Agosti 2002, makamu wa rais wa Marekani Dick Cheney alihutubia maveterani wa vita mjini Nashville na kusema "there is no doubt" kwamba rais wa Iraq, Saddam Hussein, ana silaha za maangamizi. Mwezi uliofuata, kwenye dibaji ya waraka wa serikali ya Uingereza, waziri mkuu Tony Blair akaandika kwamba taarifa za kijasusi zilikuwa zimethibitisha "beyond doubt" kuwa Saddam anaendelea kutengeneza silaha za kemikali na za kibayolojia. Tarehe 17 Machi 2003 George W. Bush akatangaza kwamba taarifa za kijasusi "leaves no doubt". Siku chache baadaye mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Wakaguzi wakatafuta mpaka kwenye mashimo, maghala ya silaha hizo hayakuonekana.

Angalieni zile nahau tatu. Zote zinataja shaka ili kuikana. Wataalamu wa chini yao walikuwa wakiandika kwa lugha ya "tunaona kwamba", "tunakadiria kwamba". Kadiri karatasi ilivyopanda ngazi kwenda kwa mwanasiasa, zile "tunakadiria" zikawa zinapukutika, mwishowe ikabaki "no doubt". Ripoti ya Chilcot, iliyotolewa London Julai 2016 baada ya uchunguzi wa miaka saba juu ya Uingereza kuingia vita hivyo, ilisema tathmini za tishio hilo ziliwasilishwa kwa uhakika ambao haukustahili. Kosa mojawapo walilolitaja wazi ni hilo: kiwango cha uhakika. Ni kama waliandika ripoti nzima juu ya kielezi.

Majasusi wenyewe tatizo hili walilijua muda mrefu. Mwaka 1951 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliandika kwamba uvamizi dhidi ya Yugoslavia ni "serious possibility". Mchambuzi wao, Sherman Kent, akaulizwa na ofisa wa wizara ya mambo ya nje: mna maana gani hasa? Akajibu, kama 65 kwa 35 kwamba utatokea. Ofisa akashtuka, yeye alielewa ni kidogo mno kuliko hapo. Kent akarudi kwa wenzake walioukubali waraka huo, akamwuliza kila mmoja alimaanisha nini. Kuna aliyemaanisha 20 kwa mia, kuna aliyemaanisha 80. Walikuwa wametia saini sentensi moja! Mwaka 1964 akaandika pendekezo kwamba kila neno lipewe namba: "almost certain" iwe 93 kwa mia, pungufu au zaidi ya hapo kwa 6. Wenzake wengi hawakupenda, walimwona anageuza uandishi kuwa kamari.

#6

Huku kwenye tabianchi pendekezo la Kent limefanyiwa kazi. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lina jedwali: ukisoma "likely" maana yake uwezekano ni kuanzia 66 kwa mia, "very likely" kuanzia 90, "extremely likely" kuanzia 95, "virtually certain" kuanzia 99. Mwandishi haruhusiwi kuyatumia kwa kupendezesha sentensi.

Fuatilieni walivyosema kuhusu mchango wa binadamu kwenye joto la dunia. 1995 walisema tu kwamba uzito wa ushahidi unaashiria mkono wa binadamu unaoonekana. 2001 wakaandika "likely". 2007 "very likely". 2013 "extremely likely". Mwaka 2021 wakaacha asilimia kabisa, wakaandika kwamba ni "unequivocal" kuwa shughuli za binadamu zimeongeza joto la anga, bahari na nchi kavu. Ile 2007 neno "unequivocal" lilikuwamo, lakini kwa ajili ya joto lenyewe kupanda, si kwa ajili ya nani kalisababisha. Miaka 14 kulihamisha neno moja kutoka sentensi moja kwenda nyingine. Hiyo ndiyo bei ya uhakika ukiulipia taslimu.

Swali kwa mleta uzi: "unequivocally" ni ndugu wa "undoubtedly" au ni jirani?

#7 (Mleta uzi)

Jirani wa karibu, wanaazimana chumvi.

"Equivocal" kwa Kilatini ni sauti mbili zilizo sawa: kauli inayoweza kusomwa huku na huku. Kwa hiyo "unequivocally" kwa asili linahusu kauli: kusema bila kuacha mlango wa nyuma. "The minister unequivocally condemned the attack." Hapo usitafsiri "bila shaka", utaharibu. Ukiandika "waziri bila shaka alilaani shambulio hilo" umesema kwamba hukuwepo, unadhani alilaani. Kiswahili kina "bila kumung'unya maneno", kina "bila kupepesa macho", na kwa lugha ya taarifa ya habari inatosha "alilaani vikali". Ndugu yake "categorically" ndiyo "katakata": "he categorically denied", amekana katakata. Watangazaji wetu wa redio walilimaliza hilo kitambo.

Sasa "surely", kama nilivyoahidi.

Wengi tunaliona kuwa ni "hakika", na tuna sababu. Zaburi ya 23 kwenye Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema "Surely goodness and mercy shall follow me", na yetu inasema "Hakika wema na fadhili zitanifuata". Mtu aliyeshika zote mbili ameshapata somo la lugha bila kwenda shule. Lakini Kiingereza cha King James kina zaidi ya miaka 400, na "surely" halikubaki pale pale. Leo Mwingereza akisema "Surely you locked the door?" hana uhakika hata kidogo. Ana wasiwasi, anaomba umwambie ndiyo. Kiswahili chake ni "Mlango si ulifunga lakini?" au "Usiniambie hukufunga mlango." Kwa hiyo ukimwandikia mfadhili "Surely the report will reach you on Friday", anasikia mtu anayejipa moyo. Andika "The report will reach you on Friday." Basi. Au "certainly" kama alikuwa ameshaanza kuonyesha mashaka.

#8

Mwalimu, mimi wa Pwani huku. Mada imenigusa kwa sababu ya "hakika" na "yakini".

Kwenye Qur'ani lile neno la Kiarabu "inna" linalofungua aya nyingi, wafasiri wetu wameliwekea "Hakika": "Hakika Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri." Wafasiri wa Kiingereza wengi huweka "Verily" au "Indeed". Na "verily" hilo hilo ndilo la King James kwenye Injili ya Yohana, "Verily, verily, I say unto you", ambapo Biblia ya Kiswahili inasema "Amin, amin, nawaambia". Haya ni maneno ya kuapa, si ya kukisia. Hakuna mtu anayesikia "Hakika" pale akadhani msemaji amepiga hesabu.

Halafu masheikh wanaigawa yakini kwa daraja tatu, kwa maneno yaliyomo ndani ya Qur'ani yenyewe. Kuna elimu ya yakini na jicho la yakini, zote mbili zimo katika Sura At-Takathur, na kuna haki ya yakini, iliyotajwa katika Al-Waqi'a na Al-Haqqa. Mfano wanaoutoa ni wa moto: kuambiwa kuna moto kule, kuuona kwa macho, na kuungua. Sasa mleta uzi niambie, Kiingereza kina vielezi vitatu vya hivyo?

Na la mwisho nisije nikasahau. Lile neno letu "labda". Asili yake ni Kiarabu "la budda", yaani hapana budi, lazima. Waarabu mpaka leo wakilisema wanamaanisha ni lazima iwe. Kiswahili kikalichukua kikalilegeza hadi likawa "huenda". Cha kuchekesha, ile "budi" tumeibakiza ilivyo kwenye "sina budi". Baba mkali na mtoto mlegevu, nyumba moja.

#9

Aisee hilo la "labda" sikulijua na nimefundisha Kiswahili sekondari. Kwa hiyo mtu akiniambia "labda nitakulipa Ijumaa" nimkumbushe asili ya neno 😂

#10

Mnatia ugumu pasipo ugumu. "Bila shaka" ni bila shaka. Mzungu ana maneno ishirini, sisi tuna moja linalotosha, tatizo liko wapi?

#11 (Mleta uzi)

#8, umenifilisi. Kielezi kimoja kimoja cha Kiingereza kwa kila daraja sikioni. Kiingereza kinalazimika kueleza kwa kitenzi: nimesikia, nimeona, nimepitia. Na hilo la "la budda" ndilo hasa lililowapata "doubtless" na "no doubt" kwao. Neno la uhakika likitumiwa sana na watu wasio na uhakika, linachuja.

#10, tatizo liko kwenye "bila shaka" lenyewe. Shemeji akifika kutoka safarini ukamwambia "bila shaka umechoka", una uhakika? Hapana, unakisia kwa upendo. Mteja akikuuliza "unaweza kunibadilishia?" ukajibu "bila shaka", unakisia? Hapana, unaahidi. Mhariri akiandika "bila shaka uamuzi huu utaibua mjadala", anatabiri. Kazi tatu, na sisi tunazitofautisha kwa sauti na mahali bila hata kufikiri. Tukihamia Kiingereza tunazimwaga zote kwenye "undoubtedly", ilhali wao ya kwanza wameipa "no doubt" au "you must be tired", ya pili "certainly", ya tatu ndiyo wanaweza kuipa "undoubtedly".

Kuna jambo la sarufi nalo nilitaje kwa wanaofanya mitihani. Vielezi kama "undoubtedly" na "indubitably" havikai kwenye swali. Huwezi kuuliza "Did he undoubtedly come?" Sikio la Mwingereza linakataa, maana huwezi kuapa na kuuliza kwa pumzi moja. Kinachoruhusiwa kwenye swali ni "really": "Did he really come?", hivi kweli amekuja? Pia havikai kwenye amri. Na kwenye sentensi ya kawaida makao yake ni baada ya kitenzi kisaidizi: "He will undoubtedly win." Sentensi ikiwa kanushi kinarudi nyuma: "He undoubtedly won't win", au "He will undoubtedly not win" kwa maandishi mazito. Ukiandika "He won't undoubtedly win" umemwacha msomaji akijiuliza unakanusha nini, ushindi au uhakika.

Tahajia pia: "definitely" haina "a" popote. "Undoubtably" utaikuta kwenye baadhi ya kamusi, lakini msahihishaji wako ataizungushia wino mwekundu. Andika "undoubtedly" uishi kwa amani.

#12

Mkuu naomba msaada wa vitendo. Mdogo wangu anaomba kazi ya uhasibu kwenye asasi moja. Barua yake ina aya hii, nimeinakili kama ilivyo:

"I am undoubtedly the most suitable candidate. I have definitely acquired excellent skills in accounting and I will surely deliver results. I am absolutely certain that I will be an asset to your esteemed organization."

Turekebishe nini?

#13 (Mleta uzi)

Viapo vinne kwenye sentensi tatu, na hakuna ushahidi hata mmoja. Mwajiri hajabisha bado, huyu kijana ameshaanza kuapa. Toa vyote, uone kinachobaki: "I am the most suitable candidate", hili hawezi kulijua kwa sababu hajawaona waombaji wengine, litoke. "I have acquired skills", zipi? "I will deliver results", yapi?

Muulize mdogo wako alifanya nini kwenye mafunzo ya vitendo. Kama alikuwa anafunga hesabu za mwezi, aandike hivyo, kwa programu gani, kwa ofisi yenye wafanyakazi wangapi. Kwa mfano: "During my field placement I prepared the monthly bank reconciliation for a cooperative and helped the auditors trace missing vouchers." Sentensi hiyo haina kielezi cha uhakika hata kimoja na mwajiri hana pa kuweka shaka. "Esteemed" nayo aiache, ni ya barua za harusi.

Kama anataka lazima abakize neno moja la kundi hili, alitumie kwa kazi ile ya pili niliyoitaja: akubali upungufu wake kabla hawajamwuliza. "My experience is undoubtedly short, but it was gained in an office that..." Hapo "undoubtedly" linamjengea heshima, maana ameapa juu ya jambo linalomkata yeye mwenyewe.

#14

Uzi umenikuta kazini. Mimi niko mapokezi kwenye hoteli moja Zanzibar. Meneja wangu kanikataza kusema "of course" kwa wageni, anasema nawatukana. Mgeni akiniomba taulo la pili nasema "Of course, madam", kuna tusi gani hapo?

#15 (Mleta uzi)

Dada, kwenye taulo hakuna tusi, meneja kakaza kidogo. Kuomba kitu na kujibiwa "of course" ni sawa, ni kama "hamna shida". Tatizo linaanza mgeni anapouliza habari. "Is there a bank near here?" Ukijibu "Of course", anasikia "sasa ulidhani hakuna? Hiyo nayo ya kuuliza?" Maana ndani ya "of course" kuna wazo kwamba jambo liko wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wengi wa Kiingereza wanaliona ni "ndiyo" yenye adabu zaidi, kumbe kwenye swali la habari linamfanya mwulizaji aonekane mjinga. Hapo sema "Yes, there is one just past the market", umwonyeshe na njia.

"Certainly" ndiyo salama kwa maombi yote. Linamwambia mgeni ombi lake limepokelewa na linafanyiwa kazi, bila kudokeza kwamba angepaswa kujua. "Undoubtedly" usilitumie mapokezi, na "indubitably" mwachie yule mzee wa #2.

#16

Ahsante mwalimu, nimekupata. Na nikiwaambia "Thank you" kwa kuja, wengine wananijibu "Of course!" Huyo naye ananitukana?

#17 (Mleta uzi)

Huyo ni Mmarekani 😄 Kwao siku hizi "of course" limechukua nafasi ya "you're welcome", anamaanisha "wala usijali". Tabasamu, mpe ufunguo wake.